Jibu: Ni uvivu gemu kubwa kuchelewa?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni uvivu. Hapana. Gemu ya video Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997, ikatoka 2011, na tatizo lilianzia juu: mwaka 1998 viongozi wa kampuni walibadilisha injini ya gemu, yaani programu ya msingi inayoiendesha, kazi ikarudi nyuma.

Huku Lamu, pale Matondoni, nimemtazama fundi wa jahazi akigongomea pamba ya kalafati, ufa baada ya ufa, vidole vimelowa mafuta. Sasa mwenye chombo aje aseme mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, ubadilishwe! Mbao zote zing'olewe. Waundaji wa gemu ile walifanyiwa hivyohivyo, na inaniuma sana.

Cyberpunk 2077 nayo waliitoa Desemba 2020 haijaiva, hadi Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni. Mimi bora ningoje.