Kolesteroli yangu iko kawaida. Kwa nini nimeze statini baada ya mionzi?

SWALI: Daktari, huu ni mwaka wa nne tangu nimalize mionzi ya saratani ya koo. Kolesteroli yangu iko kawaida, lakini daktari wangu ameniandikia atorvastatini, moja ya dawa za statini za kupunguza kolesteroli, eti kulinda mishipa ya shingo. Ndugu zangu wanasema hiyo ni dawa ya watu wanene, bora nitumie unga wa asili wa kusafisha mishipa. Nifuate lipi?

JIBU: Mfuate daktari wako. Suala la uzito halimo kabisa hapa. Linaloniudhi, na ninalisikia karibu kila siku ya kliniki, ni hilo la kusafisha. Mshipa wa damu si bomba lililojaa uchafu unaosubiri kusukumwa utoke. Mafuta yanayoziba ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hukaa ndani ya ukuta wake, chini ya utando mwembamba unaogusana na damu, yakiwa yamefunikwa na kovu. Anayekuambia unga wake unayafikia na kuyaondoa anakudanganya, na anakuuzia uongo huo.

Mionzi iliyoua saratani yako ilipita pia kwenye ateri za shingo zinazolisha ubongo, ikajeruhi utando huo. Jeraha hilo halikomi siku matibabu yanapokwisha. Uchochezi, yaani ule uvimbe wa mwili unapojibu jeraha, huendelea kimyakimya, ukuta hukakamaa, na kolesteroli hupenya kirahisi, hata ile ambayo karatasi ya maabara inasema ni ya kawaida. Kwa moyo hali ni hiyohiyo: utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark waliotibiwa saratani ya matiti, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha hatari ya ugonjwa wa moyo ikianza kupanda ndani ya miaka 5 baada ya mionzi na kuendelea kwa angalau miaka 20.

Statini hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, na pia hutuliza uchochezi ndani ya ukuta wa mshipa. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa waliopigwa mionzi kifuani, kichwani na shingoni zimekuta viharusi vichache zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Kufuatilia watu si sawa na kuwagawa kwa kura na kuwalinganisha, kwa hiyo sitakuambia kwamba ukimeza kidonge umekingwa. Ukiendelea kuvuta sigara, au ukiacha presha ipande, kidonge hicho hakitakuokoa. Mwombe daktari wako akupangie pia ultrasaundi ya ateri za shingo.

Sasa huo unga. Baadhi ya bidhaa za namna hii hutengenezwa kwa mchele uliochachushwa kwa kuvu hadi ukawa mwekundu. Ndani yake mna monakolini K, ambayo ni lovastatini, statini ileile ya duka la dawa, ila kiasi chake hubadilika kutoka chupa hadi chupa. Yaani unakimbia statini kisha unaimeza bila kujua dozi! Na wewe uliyekaushwa mate na mionzi, ni rahisi kupata fangasi wa mdomo. Ukiandikiwa itrakonazoli, dawa ya fangasi, na hujamwambia mtu kuhusu unga wako, lovastatini hupanda sana kwenye damu, misuli huharibika, figo zikafuata. Atorvastatini nayo hupandishwa na dawa hiyo, lakini yenyewe imeandikwa kwenye faili lako, na mfamasia ataiona.

Walio bado kwenye mionzi nawaomba zaidi. Msijiongezee vidonge vya vitamini kwa dozi kubwa mkidhani vinakinga mwili. Nchini Kanada wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa vitamini E. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba, katika kipindi cha kumeza vidonge hivyo, waliopewa vitamini walipata saratani mpya zaidi kuliko wenzao. Vilikuwa vitamini tu, vya kununua bila cheti.

Kila unachomeza, hata kama ni majani, kipeleke kliniki kikiwa kwenye chombo chake. Misuli ikianza kuuma bila sababu au mkojo ukageuka kahawia iliyokoza, wahi hospitali siku hiyohiyo ukiwa na vyombo hivyo mkononi.