Kwa nini Target ilishindwa Kanada

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ishindwe Kanada ilhali Wakanada wengi walikuwa wakivuka mpaka kwenda kununua katika maduka yake ya Marekani. Kwa maoni yangu, chanzo kikuu kilikuwa haraka: baada ya kuchukua majengo ya Zellers, kampuni ya maduka ya Kanada, ilifungua maduka zaidi ya 120 ndani ya mwaka 2013 pekee, huku mfumo wake mpya wa kompyuta ukiwa na taarifa zenye makosa mengi, hata vipimo vya bidhaa vikaingizwa kwa inchi badala ya sentimita. Maghala yakafurika, rafu zikabaki tupu. Bei nazo ziliwavunja moyo wateja waliozijua za Marekani. Januari 2015 ilitangaza kufunga maduka yote 133, na wafanyakazi wapatao 17,600, ambao hawakushiriki maamuzi hayo, wakapoteza ajira.