Monte Cristo jukwaani: maswali ya wasomaji

SWALI: Wanafunzi wangu wameiona filamu ya Monte Cristo ya 2002, sasa wanataka kuiigiza. Nina dakika 40, kitabu kina sura 117. Nikate wapi? – Mwalimu wa maigizo, Mafinga

JIBU: Kata majambazi wa Roma, kata na sumu za nyumbani kwa Villefort, ingawa ni tamu. Usaliti usiuguse. Mwandishi Alexandre Dumas hakumpa Dantès, baharia kijana anayesingiziwa na kufungwa, adui mmoja. Kila msaliti ana lake. Danglars, mhasibu wa shehena ya meli, anautaka unahodha. Fernand, mvuvi, anamtaka Mercédès, mchumba wa Dantès. Danglars anaandika barua ya uchongezi kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, anaikunjakunja na kuitupa kama mzaha; Fernand ndiye anayeiokota. Jirani yao Caderousse anayaona yote, ila amelewa, na kesho yake anafyata mkia. Anabaki Villefort, mwendesha mashtaka. Yeye alikuwa karibu kumwachia kijana, mpaka alipoona barua ambayo Dantès aliibeba kutoka Elba, kisiwa alikohamishiwa Napoleon, imeandikiwa baba wa Villefort mwenyewe, Noirtier, mfuasi wa Napoleon. Anaichoma mbele ya mshtakiwa, na mshtakiwa anashukuru! Tukio hilo lichezwe polepole.

Filamu ile imemgeuza Fernand kuwa rafiki wa Dantès na mtoto wa kabaila, hivyo kisasi kimekuwa ugomvi wa watu wawili. Msiifuate hapo.

Gawa hivi: usaliti dakika 14, gereza 8, kisasi 18. Vikundi vingi hunogewa na gereza, mfungwa mzee Faria na shimo analolichimba, na ikifika zamu ya kisasi watazamaji wameshasahau nani alikosa nini. Kwenye kisasi mrudishe Haydée, binti wa Ali Pasha aliyesalitiwa na Fernand, ambaye filamu ya 2002 haina kabisa: ushahidi wake ndio unaomwangusha Fernand. Danglars anaanza kufilisiwa kwa habari ya uongo iliyopitishwa kwenye mnara wa ishara, uliotuma habari kwa mikono ya mbao. Mwanafunzi mmoja juu ya meza na fimbo mbili anatosha. Dantès achezwe na mtu yuleyule mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Mercédès humtambua kwa sauti.

SWALI: Tunarekodi Dantès akitoroka gerezani: anatupwa majini ndani ya gunia la maiti ya Faria, pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tumfunge mwigizaji kweli? – Mpiga picha, Kyela

JIBU: Hapana, hata kwa sekunde moja. Kitabuni alikuwa na kisu mkononi, na bado mzigo wa chuma miguuni nusura ummalize.

Rekodini vipande vitatu. Nchi kavu, mwigizaji abebwe guniani, mdomo wa gunia ukiwa wazi upande usioonekana. Kisha mtupe gunia la katani lenye mchanga theluthi moja chini na majani makavu juu. Likijaa majani matupu litaelea, na kiroba cha plastiki hunasa hewa kikavimba kama puto; kitobolewe. Mwisho, mwigizaji achomoze kutoka kwenye gunia tupu, maji yakiwa kiunoni. Kaeni ufukweni penye mchanga; chini ya milima ya Livingstone kina hushuka ghafla.

SWALI: Albert, mtoto wa Mercédès, ni wa Dantès? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Katika filamu ya 2002, ndiyo. Kitabuni ni wa Fernand, na Dantès anaondoka na Haydée, siyo Mercédès.