Kweli Unguja walienda kwa miguu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mvuvi wa Sahare hapa Tanga. Juzi babu katusimulia eti zama za kale watu walienda visiwani kwa miguu, vijana wakamcheka sana. Mi nimebaki najiuliza, hivi kweli? Na hao watu waliingiaje nchi wasioijua, hakuna ramani wala mwenyeji wa kumuuliza njia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao vijana wamuombe babu radhi, kasema kweli, ila si kwa kila kisiwa. We bamvua unaijua, maji yakipwa kina mama wanatembea mwambani wanachokoa pweza pale pale ambapo jioni ngalawa inapita juu. Sasa miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yaliganda barafu huko kaskazini, bahari ikapwa karibu mita 120, na haikurudi jioni yake, ilikaa hivyo maelfu ya miaka. Mkondo wa Unguja kina chake ni makumi ya mita tu, kwa hiyo toka upande wa Bagamoyo mpaka Unguja palikuwa nchi kavu, na ndo maana kwenye pango la Kuumbi kule Jambiani wamechimbua mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wa bara kabisa. Pemba hapana. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, pale maji hayakuondoka.

Kuhusu nchi ngeni, mi naona tunakosea tukiwafikiria kama wasafiri waliofunga mizigo wakaaga. Walikuwa wanasogea tu, mwaka huu kambi iko mto huu, baadae mto wa mbele, mtoto anazaliwa kule na kwake ndo kwao. Na pwani iliwasaidia sana maana chakula ni kile kile, Pinnacle Point huko Afrika Kusini watu walishakula kome miaka kama 164,000 iliyopita, na anayejua kupwa na kujaa huku hata kule hafi njaa.

Jirani zetu wa Kilifi wana pango linaitwa Panga ya Saidi, kama kilomita 15 toka baharini, na humo zimepatikana shanga za makombe ya bahari. Humo humo kuna kaburi la miaka 78,000, la mtoto wa miaka kama mitatu, watafiti wamemwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu. Kalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu kama mto ambacho kimeshaoza. Hiyo picha hainitoki. Mtu hamlazi mwanae hivyo mahali anapopita njia tu.

Ila kuna waliovuka maji kweli, Australia walifika si chini ya miaka 50,000 iliyopita na bahari iliyo kati yake na Asia haikukauka hata siku moja, lazima walipanda chombo, na kwa sehemu kubwa ya njia kisiwa cha mbele kilikuwa kinaonekana.

Muulize babu, hiyo habari yeye kasimuliwa na nani? Tuandikie, tunataka kujua.