Warhammer haikuwa ya kwanza

Hapana mkuu, unaposema michezo ya vita ya mezani ya vinyago ilianza na Warhammer, ule mchezo maarufu wa Uingereza, sio kweli, hiyo ilitoka 1983 na ikakuta watu wanacheza kitambo sana. H. G. Wells yule mwandishi wa Uingereza alitoa kitabu cha sheria zake 1913, Little Wars, na mi ninacho hapa maana napaka rangi askari wa milimita 28 kila wikiendi na nilitaka kujua mchezo ninaoupenda hivi umetoka wapi. Wells na wenzake walikua wanachezea sakafuni, na kwenye kupiga mizinga hakuna dadu, unakua na kamzinga ka springi kanarusha kijiti cha mbao, unapiga magoti unalenga kabisa, askari akianguka ndo kafa. Raha sana ile!

Ila kama unahesabu na michezo ya vita ya kufundishia maofisa wa jeshi, hapo Prussia, ile dola ya zamani ya Wajerumani, wako mbele, ofisa wao Reisswitz (yule mtoto, sio baba yake mwenye jina hilohilo) alichapisha sheria zake 1824 na wao dadu walitumia, sema jeshi lao lilikua vipande vidogo juu ya ramani, sio vinyago vyenye sura na bunduki kama hivi vyetu.