Jiwe Ndani ya Birika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni kitu gani cha kila siku mtaani kwenu kinachokula pesa za watu bila wenyewe kujua?" Kwangu mimi ni maji ya bomba. Bili naijua, inakuja kila mwezi naiona. Nazungumzia maji yenyewe yalivyo. Maji yetu ni magumu, yaani yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake.

Naishi wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, na huu ni mwaka wa 11 nauza chai, maandazi na mbaazi za nazi asubuhi. Kazi yangu yote ni maji na moto, kwa hiyo jambo hili nililigusa kwa mikono kabla sijalijua jina. Wengi huku tunayaita tu "maji ya chumvi", na hapo ndipo tunapojichanganya. Maji ya chumvi utayajua kwa ulimi. Maji magumu unaweza kuyanywa miaka nenda miaka rudi usione kitu, mpaka siku ushike sabuni.

Mwaka juzi birika langu kubwa la kuchemshia maji lilianza kuchelewa kuchemka. Nikalaumu mkaa, nikahama muuzaji. Siku moja nikalinyanyua tupu nikaliona zito. Kuingiza mkono ndani, nikakuta ukoko mweupe umelivaa birika pande zote, mgumu, unene wake kama sarafu mbili zilizobebana. Nikaukwangua kwa kisu, ukabanduka vipande vipande kama maganda ya yai. Binti yangu wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Akachukua kipande kimoja, akakiweka kwenye kisosi, akakikamulia ndimu. Kikaanza kutoa mapovu madogo madogo, kikawa kinachemka pale pale bila moto. Akaniambia, "Mama, hili ni jiwe la chokaa. Tumelisoma juzi darasani."

Niliduwaa, lakini nikifikiri, lingekuwa jiwe gani lingine? Sisi tunakanyaga chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Mapango ya Nang'oma kule kwenye milima ya Matumbi yalichimbwa na maji ndani ya jiwe hilo hilo. Mvua ikishuka ardhini inabeba hewa ya ukaa, nyingi yake ikiipata kwenye udongo, na hewa hiyo inayapa maji ukali kidogo. Ukali huo ndio unaoyeyusha chokaa polepole, na maji yakifika kisimani yanakuwa yamejaa madini ya kalsiamu na magnesiamu ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Ukiyachemsha, ile hewa inatoka, na chokaa inarudi kuwa jiwe. Nilikuwa nanunua mkaa wa kupasha jiwe kwanza, ndipo maji yapate moto.

Fundi anayetengeneza hita za kuchemshia maji mtaani kwetu anasema nyingi anazoletewa zimekufa hivyo hivyo: koili imevikwa ukoko, joto halina pa kutokea, inaungua. Koki zinaziba, bomba la kuogea linabaki na matundu matatu yanayotoa maji.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mambo mawili, mbaazi na sare za shule.

Mbaazi ni zao letu, Lindi na Mtwara tunalima kwa wingi. Kwenye maji magumu mbaazi inakataa kuiva. Kalsiamu inaingia kwenye ukuta wa punje na kuukaza, nawe unaongeza mkaa, unaongeza maji, na hayo maji unayoongeza yanakuja na kalsiamu nyingine. Mama zetu walitia magadi, na walikuwa na sababu, kwa kuwa magadi huiondoa kalsiamu kwenye maji. Ila magadi hayohayo yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye mbaazi, na baadhi yake yana floraidi nyingi. Nikaamua kujaribu. Usiku mmoja nililoweka mbaazi zilizotoka gunia moja kwenye vyombo viwili, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya mvua. Alfajiri nikazibandika kwenye majiko mawili, mkaa nimeupima kwa kopo. Sufuria ya maji ya mvua nilikuwa nimeshaitia tui, inatokota, na ile nyingine ukitafuna punje bado inalia kwenye meno. Wateja wa kwanza walikuta nusu ya biashara tu.

Sare sasa. Sabuni ya mche ikikutana na maji haya, kalsiamu inaikamata kabla haijaushika uchafu. Povu halitoki. Badala yake unapata utando wa kijivu unaoelea juu ya beseni, na ule utando unakwenda kuganda kwenye nguo. Shati jeupe linafubaa, linakuwa gumu shingoni, baada ya muhula mmoja halina weupe tena. Jirani yangu anafua mashati ya watoto wake watatu kila siku jioni, anasugua mpaka vidole vinachubuka, na bado mmoja aliambiwa na mwalimu mbele ya wenzake akamwambie mama yake afue nguo vizuri. Yule mama alikuja kwangu akalia. Nami nilikuwa najua kwamba kipande kizima cha sabuni kilikuwa kimeishia kupigana na maji. Mwenye uwezo ananunua sabuni ya unga, ambayo inahimili maji magumu vizuri zaidi. Asiye na uwezo ananunua kipande cha mche, na ndiye anayetumia sabuni nyingi kuliko wote.

Kuhusu afya, nawaomba wenzangu tusitishane. Kila nikilizungumza jambo hili kuna mtu ananiambia maji haya yanatia mawe kwenye figo, na wengine wameacha kunywa maji ya kutosha kwa hofu hiyo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalsiamu na magnesiamu mwili wenyewe unazihitaji. Kunywa maji kidogo ndiko kunakosaidia mawe ya figo kujijenga. Chemsha, acha yatulie, ule unga mweupe ushuke chini, mimina taratibu, kunywa.

Pia tusipoteze pesa kwa dawa zisizohusika. Shabu inatuliza tope, vidonge vya klorini vinaua vijidudu, na chujio la kawaida linazuia uchafu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa ugumu. Kuchemsha kunaondoa sehemu tu, ile inayotokana na chokaa. Ugumu unaotokana na jasi, jiwe jingine laini lenye kalsiamu, hauondoki kwa moto, na Kilwa jasi tunayo, inachimbwa na kupelekwa viwanda vya saruji.

Ukitaka kujua maji yako yakoje, chukua chupa mbili zinazolingana. Moja tia maji ya bomba, nyingine maji ya mvua, kila moja tia sabuni ya mche kidogo uliyoikwangua, kiasi sawa, tikisa. Chupa ya mvua itajaa povu hadi shingoni. Ya bomba ikibaki na ukungu na vipande vinavyoelea, basi.

Dawa ambayo watu wa hali yangu tunaiweza ipo juu ya bati. Mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, linatoa karibu lita 400. Maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe, ni laini kabisa. Iache mvua ya mwanzo isafishe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga, funika mbu wasizalie humo. Ya kunywa chemsha vilevile.

Na wanaotuletea maji ya bomba nawaomba kitu kimoja kisicho na gharama kubwa: tuambieni namba. Ugumu hupimwa kwa miligramu za chokaa katika lita; chini ya 60 ni maji laini, yakizidi 180 ni magumu sana. Iandikeni kwenye bili, au ibandikeni pale kwenye kioski cha maji. Mama akijua namba atajua kama sabuni yake ina kosa, na mwalimu atajua kabla hajamsema mtoto.

Mimi nina pipa moja la lita 200 na gata aliyonifungia shemeji yangu. Nayatumia kwa mbaazi na kusuuzia mashati tu, na sasa jirani naye anakuja na ndoo yake siku za Jumapili. Mwezi wa Juni pipa linakauka. Hapo narudi kwenye bomba, na kila Jumamosi nalikamulia birika ndimu.