Jibu: 할걸 na 했어야 했는데, majuto ya aina mbili

Dada, umeuliza kwa nini Wakorea wana 공부할걸 na pia 공부했어야 했는데, ilhali kamusi yako inazitafsiri zote "ningesoma". Zote ni majuto kweli, ila uzito haulingani.

Ya kwanza, ambayo kwa kirefu ni -(으)ㄹ걸 그랬다, ni ya kujisemea mwenyewe. Ni ule mguno wa "aa, bora ningekuja mapema": 일찍 올걸. Ukijutia jambo ulilolifanya, tumia -지 말걸: 먹지 말걸, yaani "bora nisingekula".

Ya pili imebeba wajibu: ilinipasa kusoma, sikusoma. Hiyo 는데 ya mwisho (kama "lakini...") huiacha sentensi ikining'inia, kama mtu aliyeshika tama.

Mtego ulioniumbua mimi ni sauti. Kwanza, 걸 ya -(으)ㄹ걸 hutamkwa kwa sauti ya mwanzo iliyokazwa, 껄. Pili, sauti ikishuka mwishoni, unajuta, ikipanda, unakisia. 집에 갔을걸? maana yake "nadhani ameshakwenda nyumbani". Mimi nilikuwa najuta kwa sauti ya kupanda, watu wakadhani nabahatisha tu!

Na -(으)ㄹ걸 ya majuto usiitumie kwa kosa la mwenzako. Hapo sema 전화하지 그랬어, ambayo ni "si ungepiga simu!" yetu kabisa. Kwa mkubwa wako utaongeza 요 ya adabu mwishoni, lakini hata hivyo bado ina harufu ya lawama, kwa hiyo pima kwanza unaongea na nani.